Mashine ya betri inakusumbua: ni feki, au ni nzima inayoumwa?

Skrubu iko nusu ndani ya mbao, drili imenyamaza. Unachomoa betri, unaipangusa, unairudisha. Inazunguka kidogo, kimya tena. Aliyesimama pembeni anatoa hukumu papo hapo: "Hiyo feki."

Huenda ni kweli. Lakini nimeshuhudia mashine halisi ikitupwa kwa kosa la vumbi kwenye vibati vya betri, yaani vile vipande vya chuma vinavyopitisha umeme, na nimeshuhudia feki ikisifiwa miezi mizima hadi siku ilipotoa moshi mkononi mwa mwenyewe. Ndiyo maana mimi huanza na dalili, nikaitafuta sababu yake, na jina lililobandikwa nalisoma mwisho. Utahitaji maltimita ya kawaida ya kupimia volti, mzani mdogo wa dijiti unaosoma gramu, na saa.

Kwanza tusichanganye vitu vitatu. Feki ni mashine inayovaa jina la kampuni ambayo haikuitengeneza. Duni ni ile yenye jina lake yenyewe lakini inadanganya uwezo wake. Halafu kuna mashine za majina yasiyovuma ambazo hazidanganyi chochote: zimeandika 12V na kweli ni 12V. Hizo si feki, na kwa kazi ndogo ndogo naziheshimu kuliko drili yenye jina kubwa la kuibwa.

Dalili: namba kwenye betri ni kubwa ajabu, nguvu ni ndogo

Umenunua drili iliyoandikwa 48V, au 88V, au 288VF, na bado inashindwa na ile ya 18V ya jirani. Hapa sababu karibu kila mara ni moja: namba ni ya uongo.

Ifuate hesabu yenyewe. Seli moja ya lithiamu inayotumika kwenye mashine hizi ina volti 3.6 za kawaida, na ikijaa kabisa hufika 4.2. Ukiziunganisha seli tano kwa kufuatana unapata 18V, zikijaa, 21V. Ili betri iwe 48V kweli inahitaji seli kumi na tatu hivi zilizofuatana. Ili iwe 288V inahitaji themanini. Shika hiyo betri mkononi ujiulize seli themanini zimekaa wapi.

Kipimo hakichukui dakika. Ichaji hadi ijae, weka maltimita kwenye volti za DC, gusa kibati cha chanya na cha hasi. Angalia ncha za waya zisigusane, maana betri hizi hutoa mkondo mkubwa unaoweza kuyeyusha chuma. Ukisoma 20 na kitu, una betri ya seli tano, haidhuru limeandikwa nini juu yake.

Kuna namba mbili zinazowachanganya watu bure, na ni haki kuzitetea. Kampuni ya DeWalt huuza Marekani mashine zilizoandikwa 20V Max, na Ulaya mashine za mfumo uleule zimeandikwa 18V. Huo si wizi: moja inahesabu betri ikiwa imetoka tu kwenye chaja, nyingine inahesabu volti za kawaida za kazi. Vivyo hivyo betri yao ya FLEXVOLT ya 60V Max ina seli kumi na tano zikifuatana, yaani 54V za kawaida. Ukubwa na uzito wake vinaonyesha. Feki yake yenye seli tano utaijua ukiinyanyua tu.

Dalili: chaji inaisha upesi

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na ndipo wengi wanapoibiwa. Kabla hujailaumu betri, badilisha biti. Biti butu hula chaji maradufu, na biti pana ya mbao kwenye mti mgumu humaliza hata betri nzuri upesi. Baridi kali nayo hupunguza uwezo wa seli kwa muda. Na betri halisi iliyofanya kazi miaka mingi ina haki ya kuchoka.

Ikiwa betri ni mpya na biti ni kali, sababu zinabaki hizi: seli ni chache kuliko lebo inavyodai, au seli ni za zamani zilizotolewa kwenye vifaa vingine na kufungwa kwenye kasha jipya, au jozi moja ya seli ni dhaifu na inazivuta chini zote.

Nilikuwa na betri iliyoandikwa 5.0 Ah (ampea-saa, yaani kiasi cha chaji inachobeba), kasha zuri, kibandiko kinang'aa. Ilichoka baada ya skrubu arobaini hivi. Nikaiweka mzanini: gramu 390. Nikaifungua, na nakuomba usiige kama hujazoea, kwa sababu bisibisi ikiteleza kati ya vibati viwili ni cheche na moto. Ndani mlikuwa na nafasi kumi za seli. Tano zilikuwa na seli. Tano zilikuwa na mirija mitupu ya plastiki, imekatwa kwa urefu uleule na kupakwa rangi ileile, ili mtu akichungulia kwa haraka aone kumi. Aliyeifanya alijua nitaifungua. Mirija ile ndiyo iliyoniudhi kuliko hata zile seli zilizokosekana.

Mzani ungeniambia yote hayo kabla sijalipa. Seli ya saizi ya 18650, yaani kipenyo milimita 18 na urefu milimita 65, ina uzito wa gramu 45 hadi 48 hivi. Hata zile nzuri kabisa hazizidi sana 3.5 Ah, na zile zinazoweza kutoa mkondo mkubwa wa mashine huwa kati ya 2 na 3. Kwa hiyo 5.0 Ah za seli hizo zinahitaji seli kumi, tano zilizofuatana na kila moja ina pacha wake. Seli peke yake tayari ni gramu 450. Ongeza kasha, bodi na vibati: betri halisi ya namna hiyo hupita gramu 600. Ya gramu 390 haiwezi kuwa nayo.

Jihadhari hapa na saizi mpya ya 21700, ya milimita 21 kwa 70. Moja ina gramu 70 hivi na inabeba 4 hadi 5 Ah, kwa hiyo betri ya 4.0 Ah ya seli tano tu inaweza kuwa halali kabisa. Bosch wana ProCORE18V ya namna hiyo. Basi usiseme "seli tano, feki". Tazama kama uzito unaweza kubeba madai.

Kipimo cha pili ni saa. Tumia mashine mpaka ipungue nguvu na kusimama yenyewe, iache betri ipoe, kisha ichaji kwa chaja unayojua ampea zake. Chaja ya 2A inahitaji saa mbili na nusu na zaidi kujaza 5.0 Ah, kwa sababu mwishoni mkondo hupungua. Taa ikigeuka kijani baada ya dakika 50, betri imepokea chini ya 1.7 Ah. Hakuna maelezo mengine, isipokuwa kama hukuimaliza vizuri. Soma ampea kwenye chaja yenyewe: chaja ya haraka kama DC18RC ya Makita hujaza 5.0 Ah kwa dakika 45 kihalali, maana inasukuma hadi ampea 9.

Kisha zidisha. Betri nyingi za kampuni makini huandikwa pia Wh (wati-saa, yaani nishati yote iliyomo). Volti mara Ah lazima ziwe Wh: 18 mara 5.0 ni 90. Ukikuta namba tatu ambazo hazipatani, aliyechapa lebo hakujua anachokichapa.

Dalili: inakata ukiikandamiza

Inazunguka vizuri hewani, ukiisukuma kwenye ukuta au mbao ngumu inazima. Hapa mashine halisi huonewa sana. Mashine nzuri ina ulinzi: ikikwama, ikizidiwa au ikipata joto, inajizima ili isiungue. Achia swichi, subiri kidogo, bonyeza tena. Ikirudi na nguvu zake kamili, ilikuwa inajilinda. Punguza gia, toa vumbi la biti, usiikandamize kwa uzito wa mwili mzima.

Ikirudi kwa unyonge, au taa yake ya mbele inafifia kila unapoisukuma, volti zinaanguka. Seli za feki zina upinzani mkubwa ndani. Hewani zinaonyesha 20V, zikidaiwa ampea nyingi zinaporomoka. Angalia pia vibati kwenye betri na kwenye mashine. Vikiwa vyeusi au plastiki ya pembeni imeyeyuka, hapajashikana vizuri. Kama ni vumbi na kutu kidogo, safisha kwa brashi kavu. Kama kibati kimelegea na kuingia ndani, hiyo ni kazi mbovu ya kiwandani.

Na kuna kosa la kinyume chake ambalo watu hulichukulia kama sifa: betri isiyokata kamwe. "Hii inakwenda mpaka tone la mwisho." Seli ya lithiamu haitakiwi kushuka chini ya volti 2.5 hivi, yaani 12.5 kwa seli tano. Pima betri mara mashine inaposimama na kuigoma kazi. Ukikuta 9 au 10, hakuna kitu kinachoilinda, wala ndani ya betri wala ndani ya mashine. Betri hiyo ikichajiwa tena haraka ndipo inakuwa hatari.

Dalili: betri au chaja inachemka

Vuguvugu ni kawaida baada ya kazi nzito. Moto usioweza kuushika kwa kiganja sekunde tano si kawaida. Ichomoe, itoe nje, iweke juu ya zege au udongo mbali na vitu vinavyowaka, na usiirudishe ndani usiku huo. Harufu tamu tamu kama ya kiyeyushio cha rangi ni dalili kwamba seli inavuja. Hapo hakuna utatuzi wa nyumbani. Betri hiyo imekwisha.

Sababu ninayoikuta mara nyingi ni chaja yenyewe. Chaja nzuri husukuma mkondo wa kudumu mpaka betri ikaribie kujaa, kisha inashikilia volti na kuacha mkondo upungue wenyewe, na muda wote huo inasoma joto la betri. Ndiyo maana betri halisi ina vibati vidogo vya ziada pembeni mwa vile viwili vikubwa: ni njia ya betri kuzungumza na chaja. Kijichaja chepesi chenye pini ya duara, kama cha redio, hakina mazungumzo na mtu. Kinasukuma tu, na taa yake ya kijani haina maana kubwa.

Kinyume chake, chaja halisi ikikataa betri, isikilize. Kwenye chaja za Makita, taa nyekundu na kijani zikipepesa kwa kupokezana maana yake haiwezi kuchaji betri hiyo: imekufa, au vibati vina uchafu. Safisha, jaribu tena mara moja. Nyekundu inayopepesa peke yake ni suala la joto. Inasubiri betri ipoe. Nimewaona watu wakizikwepa taa hizo kwa kuunganisha waya moja kwa moja kutoka chanzo kingine. Msifanye hivyo, tafadhali. Chaja inapokataa inawaokoeni.

Na betri yoyote, halisi au la, usiichaji kitandani, juu ya zulia, au wakati watu wote wamelala.

Dalili: cheche, kelele na harufu ya kuungua

Chungulia kwenye matundu ya hewa mashine ikizunguka, mahali penye giza kidogo. Mota yenye kaboni, yaani vile vipande vinavyosugua na kupeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, hutoa cheche ndogo za buluu, na hilo si kosa, hasa kaboni zikiwa mpya na hazijakaa sawa. Cheche zikiwa ndefu, za rangi ya chungwa na kuzunguka duara zima, kaboni zimeisha au shaba inayozunguka imeharibika. Kwenye mashine halisi unabadilisha kaboni, maisha yanaendelea.

Lakini kama kasha limeandikwa "BRUSHLESS" na unaona cheche, umeshapata jibu. Mota ya aina hiyo haina kaboni wala mahali pa kutoa cheche. Hiki ndicho kipimo rahisi kuliko vyote, na sijui kwa nini watu wengi hawakitumii. Ni swichi tu na jicho.

Kelele ya kukwaruza huwa ni giya au beringi. Feki nyingi huweka bushi tupu mahali pa beringi, na giya za plastiki mahali pa chuma. Drili yenye klachi, ile pete yenye namba karibu na mdomo, inajieleza: iweke kwenye namba ndogo, funga skrubu mpaka izame. Ikitoa mlio wa tak-tak na kuacha kusukuma, klachi inafanya kazi. Zungusha hadi namba ya juu, inapaswa kukaza zaidi kabla ya kuachia. Kama namba 1 na namba 15 hazina tofauti, ile pete ni pambo.

Dalili: biti inayumba

Funga biti iliyonyooka, bonyeza swichi taratibu, tazama ncha yake. Ikichora duara hewani, huenda biti imepinda. Ibingirishe juu ya kioo uhakikishe. Ikiwa imenyooka, mdomo wa drili haukukaa katikati au taya zake hazilingani. Ya namna hiyo hutoboa matundu mapana na kuvunja biti nyembamba. Hakuna marekebisho ya maana.

Grainda: hapa usisubiri dalili

Drili ya feki ikikuangusha unapoteza muda. Grainda ya feki inaweza kukuondolea jicho. Diski ya milimita 125 ya kukatia kwa kawaida inaruhusiwa mizunguko kama 12,200 kwa dakika, ile ya 115 kama 13,300, na mashine yenyewe lazima iwe chini ya hapo. Grainda nyingi za betri zinazoaminika ziko kwenye 8,500 hivi. Ukikuta imeandikwa 20,000 kwa fahari, ama ni uongo, ama ni mashine ya kupasua diski usoni mwako, na vyote viwili ni sababu ya kuiacha. Kinga ya chuma iwepo, ikaze, isizunguke ovyo ukiisukuma kwa mkono. Kitufe cha kufungia mhimili kisiruke. Grainda isiyokuja na kinga, mimi siigusi.

Kabla hujalipa

Feki huandama mifumo inayodumu. Makita walitoa mfumo wa 18V LXT mwaka 2005 na betri za mfumo huo bado zinatumika kwenye mashine za sasa, kwa hiyo anayeiga muundo wa kasha lile ana soko la miaka na miaka. Hata mashine nyingi zisizo na jina zimechukua umbo lile la reli.

Basi anza na namba ya modeli. Iandike yote, herufi kwa herufi, uitafute kwenye tovuti ya kampuni yenyewe. Si kwenye picha za wauzaji. Feki hupenda kubuni modeli ambazo kampuni haikuwahi kuzitoa. Kwa miaka mingi betri kubwa kuliko zote ya LXT ya 18V ilikuwa BL1860B, ya 6.0 Ah, ukiletewa ya 9.0 Ah yenye jina lilelile, jiulize ilitoka kiwanda gani. Ukishaipata modeli, soma uzito uliotajwa kwenye tovuti na ulinganishe na mzani wako. Tofauti ya gramu kumi si neno. Tofauti ya gramu mia mbili ni neno.

Namba ya mfululizo iwe kwenye mashine na ilingane na ya kwenye boksi pale ambapo boksi lina namba. Kama kuna mbili mezani, omba zote: namba zikifanana, hakuna haja ya kuendelea. Herufi za lebo ziwe safi, maneno yasiwe na makosa ya tahajia, kibandiko kisiinuke ukikipitishia ukucha. Ila usitegemee lebo peke yake, kwa sababu wanaochapa wamejifunza, na siku hizi hata kibandiko kinachong'aa kinaigwa vizuri.

Omba kuiendesha. Swichi nzuri hupanda mwendo taratibu kadiri unavyobonyeza. Ya feki mara nyingi inaruka kutoka kimya hadi mwisho. Ukiiachia, drili nzuri husimama mara moja, nyingine inaendelea kujizungusha yenyewe. Kunusa hakukatazwi. Plastiki mbaya inanuka tangu kwenye boksi, na ukiminya kasha pale mshono unapopita, linalia na kuachia mwanya.

Muulize muuzaji swali moja tu: dhamana ni ya nani, yako au ya kampuni, na inasajiliwa vipi? Anayeuza kitu halisi hujibu bila kupepesa na kuandika namba ya mfululizo kwenye risiti. Ukiambiwa "tutaonana tu, usijali", basi jali.

Ukishagundua kuwa ni feki

Irudishe na maelezo ya vipimo, si hasira: "imeandikwa 5.0 Ah, ina gramu 390, inajaa dakika 50 kwa chaja ya 2A." Namba hizo ni ngumu kubishiwa. Ikishindikana, mashine yenyewe pengine inaweza kufanya kazi nyepesi kama sehemu zake za usalama ni nzima. Betri usimuuzie mwingine, hata kwa bei ya kutupa, kwa sababu moto wake utamfuata yeye. Funika vibati vyote kwa gundi ya utepe ya fundi umeme, usiichanganye na takataka za kawaida, na uipeleke panapokusanywa betri chakavu. Mpaka siku hiyo, iweke ndani ya ndoo ya bati yenye mchanga mkavu, nje ya nyumba.